Kikapu Nilichokiandika Kabla Sijasimama

Barani, Malindi

Mwanangu Rukia,

Watu wengi hudhani kwamba kitu wakishakihesabu wamekwisha kukiona. Mimi nimekaa na kosa hilo miaka mingi kuliko wengi, maana ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akikosea kwa namba zilizopangwa vizuri hapatikani mtu wa kumsahihisha.

Pokea salamu zangu, ingawa tumeamkiana asubuhi hii mlangoni. Umekwenda Mambrui na mama yako kuwaaga jamaa, nami nimebaki na nyumba kimya, jambo ambalo si la kawaida hapa kwetu. Ukirudi adhuhuri utaikuta barua hii kwenye sanduku lako, juu ya yale madaftari manne uliyoniomba. Kesho alfajiri unapanda basi. Habari za baridi ya bara mama yako amekwisha kukueleza, na shangazi yako amekufungia vileja vya kutosha chuo kizima, kwa hiyo hayo siyagusi. Nina jambo moja tu, ila ni refu, nawe wamjua baba yako akianza kueleza.

Katika fomu ya chuo palikuwa na swali juu ya michezo. Ulinionyesha ulichojibu kwa mwandiko wako ule ulionyooka: "Sichezi tena. Naweza kusaidia kufundisha mpira wa kikapu." Kisha ukaniomba madaftari yangu ya mpira, ukasema wataka kuwafundisha wasichana wa huko kama nilivyokuwa nikikufundisha wewe. Siku mbili nilitembea na furaha ya neno hilo. Siku ya tatu niliyashusha madaftari kabatini niyapanguse vumbi, nikafungua moja, nikafikia ukurasa wa Kilifi. Furaha yote ikaniishia pale pale, kitambaa mkononi.

Sitaki ufundishe kama mimi. Na maneno yale mawili, "sichezi tena", yananitia hofu kuliko safari yako yote. Ili nikueleze sababu, yanipasa nianze na Idi ile, ulipokuwa kidato cha pili.

Wakumbuka jinsi sebule yetu inavyokuwa siku ya Idi baada ya chakula. Wanaume wamekaa na kahawa na halua, na mambo yote ya ukoo yaliyokuwa yamewekwa kiporo tangu Ramadhani yanatolewa moja moja: nani aposwe, nani amegombana na nani, mtoto wa nani ameonekana wapi. Ninyi mabinti mnakuwa nyuma ya pazia na masinia, mkisikia kesi zenu zikikatwa kama kwamba hampo. Siku hiyo kesi ilikuwa yako. Ami yako Bakari, kaka yangu mkubwa, alikuwa amekuona uwanjani na timu ya shule. Hakukasirika, Ami Bakari hukasirika mara chache, na ndiyo maana watu humsikiliza. Alisema tu kwamba msichana mkubwa kurukaruka mbele ya watu si jambo tulilolizoea, akauliza lina manufaa gani. Shangazi yako Mwanakombo akamuunga mkono kutoka upande wa wanawake, tena kwa sauti, akisema kwamba hata suruali ndefu na mtandio havimsitiri mtu aliyeko hewani.

Jawabu la kweli nililijua. Nilikuwa nimekuona jioni moja uwanjani peke yako, kabla hujaingia timu yoyote, mtandio umeufunga nyuma ya shingo, unarusha mpira kwenye pete isiyo na wavu. Mpira ukaingia bila kugusa chuma. Hapakuwa na mtu wa kukusifu, nawe ukacheka peke yako, ukaukimbilia. Hilo ndilo lililokuwa jawabu. Mwanangu anapenda. Ningeyasema hayo, yangetosha, maana mimi ndiye baba yako na nyumba ilikuwa yangu.

Niliona haya. Mbele ya wazee wa ukoo wetu kupenda si hoja. Hoja ni kitu chenye uzito, unachoweza kukiweka mezani kando ya birika la kahawa. Basi nikainuka nikaenda kuchukua daftari nililokuwa nimeanza kuandikia michezo yako. Nikawasomea michezo uliyocheza na vikapu ulivyotia, nikawaonyesha kwamba hakuna mwingine katika timu anayekukaribia. Nikawaeleza maana ya wastani, taratibu, kama darasani. Nikasema msichana mwenye rekodi kama hiyo huenda chuo kikamchagua mbele ya wenzake. Walinisikiliza vizuri sana. Ami yako akamaliza kahawa yake, akageuza kikombe, akasema:

"Basi kama ndiye wa kwanza, na acheze. Siku akiwa si wa kwanza, aweke mpira chini akae nyumbani."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema sawa.

Nilijiona nimeshinda kesi. Kumbe nilikuwa nimekupatia ruhusa na papo hapo nimeitundika juu, mahali ambapo ungelazimika kuirukia kila Jumamosi. Nawe ulikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia masinia yakigusana.

Tangu hapo sikukosa mchezo. Mwalimu wenu wa michezo alifurahi kunipa kiti kwenye meza ya karani, maana vijana wake walikuwa wakisahau kuandika kila mchezo ukinoga. Daftari nililitumia lile la miraba, la darasani. Kila msichana nilimpa safu nne: mipira aliyorusha, iliyoingia, aliyoidaka kutoka ubaoni, na aliyoipoteza. Tukirudi nyumbani nilikuita mezani kabla hata hujanywa maji, nikakuonyesha wapi umepanda na wapi umeshuka. Sikukupigia kelele hata siku moja. Na kwa kuwa sikupiga kelele, nilidhani sikukuonea.

Shangazi yako naye akaanza kuja. Mwanzo alikuja kupeleleza. Aliniambia mwenyewe baadaye. Alitaka auone mtandio ukianguka, ili Idi inayofuata awe na la kusema. Alikaa nyuma yangu kwenye ngazi za saruji na buibui lake na kifurushi cha njugu, hajui sheria hata moja. Mchezo wa kwanza aliniuliza yule mwenye filimbi ni wa timu gani, na mbona wenziwe hawampi mpira. Mchezo wa tatu alikuwa akisimama. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa akijua, mpira ungali mkononi mwa mtu, kama utaingia au hautaingia. Alikuwa akisema polepole tu, "Huo," au "Sio huo," na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Nilimuuliza ajuaje. Akaniambia: mtu akimimina chai huku akitazama kwingine, weye hujui kwamba itamwagika?

Siku moja, watu wamejaa, aliinama akaniambia kwa sauti iliyosikiwa na ngazi nzima, "Kaka, mchezo huu watazama ama wasahihisha?" Vijana waliokuwa nyuma yetu walicheka sana. Nikamjibu kwamba kila mtu ana kazi yake.

Sasa nifike kwa Kadzo. Rafiki yako yule wa Matsangoni mwenye mabega mapana, aliyekuwa akila kwetu siku za Ijumaa na kumfanya mama yako apike sufuria kubwa. Katika daftari langu Kadzo alikuwa kama hayupo. Alirusha mara chache, alitia mara chache zaidi, na muhula ule wa pili wa kidato cha tatu hata mipira ya ubaoni aliacha kuidaka. Safu zako zilikuwa zimejaa kama kawaida. Zake zilikuwa nyeupe. Nikalipeleka daftari kwa mwalimu wa michezo, nikamweleza kwamba nafasi ile yaweza kupewa msichana mrefu wa kidato cha pili mwenye mkono mzuri. Mwalimu akasita. Akasema aona kwamba Kadzo akiwemo timu hutulia, ila hawezi kueleza kwa nini. Nikamwambia kwamba lisiloelezeka si hoja. Alikuwa kijana, nami nilimfundisha hesabu alipokuwa mdogo. Akakubali. Kadzo akawekwa nje mchezo wa Kilifi.

Siku chache kabla ya safari hiyo, mazoezini, shangazi yako alinigusa bega. Hakuwa akitania.

"Kaka, mwanao atua na mguu mmoja. Kama kuku aliyekanyaga kaa la moto."

Sikukutazama. Nakuandikia wewe, na Mungu ni shahidi: ulikuwa hatua ishirini mbele yangu, na sikukutazama. Nilifungua daftari nikamwonyesha.

"Dada, angekuwa anaumwa, namba zingeshuka. Hizi hapa. Hazikushuka."

Aliutazama ukurasa asioweza kuusoma, akanirudishia. "Haya," akasema. "Weye ndiye msomi."

Ule uwanja wa Kilifi waujua, saruji inayokurudishia jua usoni. Wenyeji walikuwa wengi wakiwashangilia wasichana wao, na nusu ya kwanza mlikuwa nyuma. Safu zako zilikuwa zimepungua, nami mezani nilikuwa nimekwisha kuanza kuyapanga maneno nitakayokuambia jioni. Nusu ya pili uliruka katikati ya walinzi wawili, ukatia, ukaanguka. Hili nilisimuliwa, sikuliona. Mimi niliona mpira ukiingia, na mpira ukiingia kichwa changu kilikuwa kikiinama chenyewe. Nikasikia kishindo. Nikasikia uwanja mzima ukinyamaza kwa mara moja. Na mkono wangu, mwanangu, ulimaliza kuandika. Niliandika kikapu chako, nikakifunga kwa mstari mdogo kama ilivyo desturi yangu, ndipo nikainua kichwa, ndipo nikasimama.

Nilipofika, shangazi yako alikuwa amekwisha kupiga magoti katikati ya uwanja, kichwa chako mapajani mwake. Ndara yake moja ilikuwa imebaki kwenye ngazi, na buibui lilikuwa limemvuka mabegani mbele ya wanaume wote wa Kilifi. Mwanamke aliyekuja kuungojea mtandio wako uanguke, buibui lake ndilo lililoanguka, wala hakuinua mkono kulirudisha.

Muda ule nilioukawia ni mfupi. Ni muda wa kuandika alama moja. Hakuna aliyeuona, na goti lako lilikuwa limekwisha kuvunjika. Ningesimama mapema nisingeliokoa. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli, na hainisaidii.

Kwenye gari tulilopewa, tukikimbilia hospitali, ulinishika mkono ukaniuliza, "Baba, kile kikapu kimehesabiwa?"

"Kimehesabiwa, mama," nikakujibu. Nakuita mama kwa kuwa jina lako ni la mama yangu, lakini siku ile nilikuita kwa fahari. Ulifumba macho. Nikajiambia, huyu binti ana moyo wa shujaa. Nilikwenda nikiwasimulia watu swali lako, hata msikitini: goti limevunjika na auliza kikapu.

Ulipokuwa na plasta, shangazi yako alikuja siku moja, akakataa kukaa. Kadzo alikuwa amekwenda kwake akalia, akamwambia yote. Goti lilikuwa likikuuma tangu baada ya Ramadhani. Ulikuwa umemwapisha Kadzo asiseme. Naye, kwa kuwa alikuwa ameapa, alifanya alichoweza: kila mpira ulipogonga ubao aligeuka akawapa mgongo wale wasichana wakubwa, akapanua yale mabega yake, akawazuia, ili mpira ukuangukie wewe bila ya kuruka. Ndiyo maana safu zako hazikushuka. Ndiyo maana zake zilikuwa nyeupe. Safu ya mtu anayesimama ili mwenzake asisukumwe sikuwa nayo, na sikujua kwamba yafaa kuwepo. Mimi ndiye niliyemtoa uwanjani mtu pekee aliyekuwa akilibeba goti lako pamoja nawe.

Nikamuuliza shangazi yako kwa nini ulificha, nyumba hii ikiwa na watu watano wa kuambiwa. Akanitazama kama anitazamavyo nikiuliza chumvi iko wapi.

"Hakuwa akikiuliza kikapu, kaka. Alikuwa akiogopa ile ahadi yako na Bakari."

Yale maneno yako ndani ya gari niliyoyafanya hadithi ya ushujaa, yalikuwa ni hofu ya mtoto anayetaka kujua kama bado ana ruhusa.

Sikukuambia kwamba nimejua. Nilikuletea machungwa, nikakuletea redio chumbani, nikaongeza upole, nikadhani upole waweza kukaa mahali pa msamaha. Kwa hilo pia nakuomba radhi, kwa kuwa miaka miwili umebeba siri ambayo sikuacha uitue.

Kwa Kadzo nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta kwao Matsangoni akibangua korosho na mama yake, vidole vyeusi kwa utomvu. Akaniamkia shikamoo, akaniletea kigoda. Nikamwambia nilichokuja kusema, chote, mbele ya mama yake. Alimaliza kubangua korosho iliyokuwa mkononi. Kisha akacheka, si kwa ubaya. Wajua kicheko chake.

"Mwalimu, sisi tulikuwa twakujua kwa kofia. Rukia akitia, ageuka kukutazama. Nasi twageuka. Twaona kofia tu."

Nilikuwa sijui kwamba ulikuwa ukigeuka. Hilo, mwanangu, kati ya yote niliyokuandikia, ndilo lililo gumu kwangu kuliandika. Kila kikapu nilichokihesabu kilikuwa na kitu kingine nyuma yake, uso wako ukinitafuta, na nilikuwa nimeinama nikikiandika kikapu.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilikwenda kwa Ami yako Bakari. Nilitaka kuivunja ile ahadi kabla hujaondoka. Nikamwambia neno nililopaswa kulisema Idi ile: mwanangu anapenda kucheza, basi, na asiulizwe amekuwa wa ngapi. Kaka yangu alinikazia macho. Hakuwa akijua nazungumza nini. Ilinibidi nimkumbushe Idi, kahawa, kikombe alichokigeuza. Akafikiri, kisha akasema kwa upole, "Hilo nilikuwa natania tu, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyeleta daftari."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipita mlangoni mwako ukiwa wapanga nguo, nikapitiliza hadi chumbani kwangu. Ndipo nikaona kwamba itabidi niandike.

Sasa nisikilize kidogo kwa namna ya darasani, halafu nitakuacha. Sisemi namba ni uongo. Utayakuta madaftari yote manne, na nataka uyatumie. Mwaka wa kwanza nilipokaa mezani sisi sote, shangazi yako akiwemo, tuliapa kwamba mnashindwa kwa kukosa kasi. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba mipira mnaipoteza mwisho wa mchezo: mlikuwa mmechoka. Mwalimu akaanza kuwapumzisha kwa zamu, mkaanza kushinda. Jicho lilikosea na hesabu ikalisahihisha. Lakini namba hujibu swali uliloliuliza tu. Haikukumbushi ulilosahau kuuliza. Mimi nilijua kuuliza "ngapi", na kwa kuwa kila mara nilipata jawabu, nilidhani maswali yamekwisha.

Wala usidhani shangazi yako ana karama ya ajabu. Watu husema fulani ana jicho, kama kwamba kazaliwa nalo. Dada yangu amepika katika harusi za mji huu miaka thelathini. Hutazama jamvi la wageni akajua sinia lipi litarudi tupu, na nani anakula kwa adabu ilhali hana hamu, na bibi harusi yupi amelia. Amejifunza kwa kutazama watu anaowajali, bila haraka ya kutoa hukumu. Alipokaa kwenye zile ngazi alikutazama wewe kwa jicho hilo hilo. Sheria za mchezo hakuzijua, lakini alikujua wewe, na mchezo ule ulikuwa wewe unaucheza.

Mwaka huu nimekuwa nikienda naye uwanjani jioni, bila daftari. Mama yako alikuambia natembea kwa ajili ya sukari yangu. Si uongo wote. Siku za mwanzo mikono iliniwasha kwa kukosa kalamu. Nilitazama nusu saa na sikuona kitu, watoto tu wanakimbia. Shangazi yako akanimegea njugu, akaniambia nimchague mmoja nimfuate yeye tu, hata asipokuwa na mpira. Nikamchagua msichana mdogo wa sketi ndefu ya shule. Nikamwona anavyopangusa viganja kwenye sketi kabla ya kupokea pasi. Anavyomtazama mwenzake na mwenzake kuelewa bila neno. Alikosa kikapu cha wazi akajipiga paji la uso, wakacheka wote wawili, na kabla kicheko hakijaisha walikuwa wamekwisha kukimbia upande wa pili. Rukia, nilitokwa na machozi mbele ya watu kwa kikapu kilichokosa. Katika daftari langu kingekuwa alama ya msalaba. Niliwaza nimekuandikia misalaba mingapi, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na nini ambacho sitakiona tena.

Kwa hiyo huko uendako, ukipewa wasichana wako, andika. Lakini uwatazame kwanza, na wakigeuka wakute uso. Akitokea mmoja ambaye safu zake ni nyeupe na timu hutulia akiwemo, usimtoe mpaka ujue anabeba nini. Na mtu asipate ruhusa ya kucheza kwa sababu ni wa kwanza.

Ukurasa wa Kilifi sikuuchana. Utauona ule mstari mdogo chini ya kikapu chako cha mwisho, umenyooka kabisa, mkono haukutetemeka. Uache ulivyo.

Yamebaki yale maneno mawili kwenye fomu. Daktari alikwambia mwaka jana kwamba waweza kurusha, ukikimbia polepole na usiruke sana. Ulimshukuru, ukaja nyumbani, ukausukuma mpira nyuma ya kabati la mama yako. Nimeelewa sababu. Nani alikufundisha kwamba kama huwezi kujaza safu, huna haki ya kushika mpira? Mimi. Na ukiondoka kesho na somo hilo, utalifundisha kwa wasichana ambao sitapata kuwaomba radhi.

Asubuhi hii, mlipokwisha toka, niliutoa ule mpira. Ulikuwa umesinyaa kama embe lililokaa. Nimeupeleka kwa fundi baiskeli hapa mtaani akaujaza upepo, akaudunda mara mbili mbele ya duka lake na kuniuliza nimeanza lini mambo haya uzeeni. Uko nyuma ya mlango wa chumba chako. Shangazi yako nimemwambia. Atakuja na njugu. Nitakaa naye kwenye ngazi ya tatu, kofia nitaiacha nyumbani, na mikononi sitakuwa na kitu. Hata usipotia kikapu hata kimoja.

Mimi ni baba yako, ninayekuomba radhi na kukuombea heri kwa pamoja.

Leo, ukishaswali alasiri, chukua mpira uende uwanjani.